Video ya Mkono wa Baba Mkwe

Shoga, nakuandikia kutoka hospitali.

Unajua baba mkwe hasemi tangu apate kiharusi. Leo nimemwashia redio pale wodini, akaanza kupigapiga godoro kwa mkono. Nikasema, mzee anafuata mdundo! Nikamrekodi, nikatuma kwenye kundi la familia. Mawifi wakajaza vicheko.

Nesi kaingia, hata salamu hakunipa. "Jasho linamtiririka, uso umemkunjamana, we unaona ngoma?"

Akaufuata kwa kidole mpira wa mkojo aliowekewa mzee. Umebanwa na mguu wa kiti. Kiti CHANGU, shoga. Tangu asubuhi!

Alikuwa ananiita. Ananiita, mimi nacheka.

Wifi mkubwa anaomba video nyingine.

Presha imempanda vibaya, wamevuta pazia, daktari kaitwa mbio. Mkono wake unaning'inia, nauona chini ya pazia. Haupigi tena.