Oili ya Mama Neema Inawaka Mapema

Jumatatu, 3 Juni
Feni imezimwa, kama kawaida. Upepo ukipita mwali wa moto unayumba na kipimo kinaharibika, kwa hiyo natoka jasho kwa niaba ya sayansi. Kikombe cha shaba kinajazwa oili mpaka kwenye alama, kinapashwa moto taratibu, nami napitisha kimwali juu yake kadiri joto linavyopanda. Oili nzuri inavumilia. Iliyochakachuliwa inadaka moto mapema: mwako wa buluu unatambaa juu ya kikombe, unazimika. Hapo nasoma kipimajoto. Nilijifunza kwa kutazama, enzi za kufagia humu maabara.

Mchana kaja Mama Neema, Mchaga, mwenye duka la oili Kariakoo. Fundi wa gereji ya Magomeni amemshtaki kwa viongozi wa mtaa kwamba anachakachua. Wamempa mpaka Ijumaa alete cheti chetu, la sivyo fremu ya duka inafungwa. Ndiyo inayomlisha tangu afiwe na mumewe. Chupa aliyoleta inang'aa kuliko vyombo vya kwangu.

"Pima, mwanangu. Mimi sina hofu."

Nimempenda. Sipendi kuwapenda wateja.

Jumanne, 4 Juni
Imefeli. Nimerudia, imefeli tena. Imedaka mapema mno. Nina hasira kana kwamba nimeibiwa mimi.

Dada Rehema, mkemia wetu, kanusa chupa, kakunja uso.

"Mafuta ya taa."

"Kwa hiyo anachakachua?"

"Mafuta ya taa yamo. Nani katia, pua yangu haijui."

Cheti hakijaandikwa. Kanituma nipite dukani nikatazame, mdomo nifunge. La kwanza naliweza.

Jumatano, 5 Juni
Kariakoo. Nimejifanya nataka oili ya pikipiki.

"Pikipiki umenunua lini?" kauliza Mama Neema.

"Ndiyo naikusudia."

"Nunua pikipiki kwanza. Oili haikimbii."

Akanipa kigoda. Akaja mteja wa kweli. Mama kachukua dumu tupu na faneli, kavisuuza kwa mafuta ya taa, katikisa, kamwaga kwenye ndoo. Dumu likiwa bado linachuruzika, kajaza oili kutoka kwenye pipa.

Mdomo umenishinda. "Kila dumu unalisuuza hivyo?"

"Wenzangu wanauza oili na mchanga wake. Mimi siwezi. Marehemu alinifundisha, chombo cha oili hakitaki maji."

"Na ile chupa ya maabara?"

"Ile nilisuuza mara mbili. Si ilikuwa inaenda kwa wasomi?"

Nimecheka peke yangu mpaka Mnazi Mmoja. Kisha kicheko kikaisha. Kila mteja wake amebeba mafuta ya taa kidogo. Yule fundi wa Magomeni hakusema uongo.

Alhamisi, 6 Juni
Dada Rehema kaenda dukani mwenyewe. Shikamoo kwanza, habari za watoto, ndipo habari mbaya. Mama Neema kakaa juu ya kreti.

"Kwa hiyo nimekuwa nikiwauzia watu oili mbovu."

"Oili nzuri, mama. Ulikuwa unaiharibu mlangoni."

Wakafungua pipa ambalo halijaguswa. Sampuli moja kwenye chupa yetu kavu, nyingine kwenye dumu jipya lisilosuuzwa kwa chochote.

Sampuli zimefika maabara. Naogopa. Sijawahi kuogopa kikombe. Joto limepanda, nimepitisha mwali, kimya. Limevuka lile la Jumanne. Kimya. Dada Rehema kaacha kuandika, kaja kusimama nyuma yangu. Ilipodaka, ilidaka pale oili mpya inapotakiwa kudaka. Ya dumu pia.

"Washa feni," kasema.

Ijumaa, 7 Juni
Cheti kimefika. Viongozi wamesoma. Fremu haifungwi. Kabla hawajauliza lolote, Mama Neema kasema mwenyewe kosa liko wapi, na kwamba kila aliyenunua alete dumu abadilishiwe. Itamuuma mfukoni. Kasema hivyo kilemba kimenyooka kichwani.

Wa kwanza kufika ni fundi wa Magomeni. Macho chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leta dumu. Na wewe sogea kivulini, utaungua."

Jumamosi, 8 Juni
Nimepita Kariakoo. Madumu yameoshwa kwa maji ya moto na sabuni, yamepangwa juu ya bati, midomo chini. Mteja ana haraka. Mama Neema kapanda kigoda, kaingiza kidole ndani ya dumu moja, kalirudisha. Bado halijakauka. Mteja katafuta pa kukaa.