Chupa Zilizobaki Zimejaa

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na shemeji hamjambo, na mtoto ameacha kukohoa. Mimi mzima, ila kuna jambo sijamwambia mtu: sifui mashuka ya hospitali kama Mama anavyoamini. Naosha vizimba na chupa za panya kwenye maabara ya kupima dawa.

Usicheke. Panya wetu ni weupe, wasafi kuliko nilivyokuwa mimi bwenini.

Hapa kuna daktari wa wanyama ambaye wagonjwa wake wote wameshakufa. Panya akifa, yeye humpasua, akakata vipande vyembamba vya figo na ini, akavitazama kwa darubini mpaka ajue kilichomuua. Wenzangu, wanaoniita Bubu kwa ukimya wangu, humtania kwamba hajawahi kulalamikiwa na mgonjwa. Lakini yeye huwashika panya hao polepole, kama vile wanaweza kuamka.

Wiki iliyopita walikufa panya wanane. Mkuu wa utafiti akasema dawa ni sumu, itupwe, miaka minne imekwenda bure. Daktari akaomba asubiri. Siku ya tatu akatuita wote, akasema dawa haina kosa. Matumbo yalikuwa matupu na ngozi imekauka. Figo nazo zilionyesha walikufa kwa kiu. Mkuu akabisha kwamba chupa zao zilikutwa zimejaa. Daktari akasema ndiyo hasa, mbona hazikupungua? Akapindua moja mbele yetu. Halikudondoka hata tone. Mrija wa kunywea ulikuwa umeziba, na ya chupa zao nyingine pia.

Dada, mimi nilikuwa nimeona. Siku mbili mfululizo kabla hawajafa, chupa za rafu yao hazikupungua. Nilitaka kusema, lakini wakubwa walikuwa wanazungumza, nikaona haya, nikanyamaza.

Nilimfuata Daktari chumbani kwake, nikamweleza huku nalia. Hakunigombeza. Alisema panya wale hawakuwa na mdomo wa kusema, mimi ninao. Kisha akanisogezea kiti nichungulie kwenye darubini. Nikauliza swali, halafu jingine, halafu jingine. Akacheka, akasema kumbe Bubu ana maneno!

Dawa inajaribiwa upya. Sasa kila asubuhi nasoma kipimo cha kila chupa kwa sauti, Mkuu mwenyewe akisikia. Na nataka kusomea kazi ya Daktari.

Mbusu mtoto, msalimie shemeji. Mama akisikia neno panya atapanda juu ya meza, kwa hiyo nakusihi, usimwambie kitu mpaka nije. Safari hii anayetakiwa kusema ni mimi.

Mdogo wako,
Bubu