Tonge la Mkono Wangu

Jumatatu, 7 Meskerem

Siku ya kwanza shule! Mwanangu Meklit na sare yake mpya, soksi zinampwaya. Hakulia — nililia mimi. Jioni nafungua hotipoti lake: injera, mkate wetu mwembamba, yote imo, haijamegwa hata pembeni. Kulikoni? Alingoja, anasema. Hakuna aliyemlisha.

Miaka sita sasa, kila tonge lake limepitia mkononi mwangu. Kwetu kumlisha mtu kwa mkono ndiyo mapenzi yenyewe. Tena nguo hazichafuki, na kazini sichelewi. Hilo nalo niliseme.

Jumanne, 8 Meskerem

Mwalimu Tsigereda kanisimamisha getini. Mtoto anakaa mikono mapajani, mdomo wazi, wenzake wanamcheka. Akauliza nani humlisha nyumbani. Nikajibu bila kupepesa macho: mama mkwe.

Mungu wangu! Bibi wa watu yuko nyumbani anachambua dengu, hana habari.

Jumatano, 9 Meskerem

Mazoezi ya kula mwenyewe asubuhi. Mchuzi wa shiro mpaka kwenye nyusi. Mtoto analia, muda unakwenda, basi la kazini linaniacha — nikamtia matonge matatu harakaharaka, nikamfuta uso, tukatoka. Hotipoti limerudi limejaa. Mama gani mimi?

Alhamisi, 10 Meskerem

Nilikuwa na zamu ya alfajiri, mama mkwe ndiye aliyempeleka shule. Nimerudi nikamkuta jikoni. Navua koti, akasema taratibu:

"Mwalimu kaniambia nimwache mtoto akue. Nikamwambia nimesikia."

Amelea watoto saba, na wote walikula wenyewe kabla ya kuanza shule. Angeweza kuniumbua pale pale getini. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka, nikaenda kuosha hotipoti.

Ijumaa, 11 Meskerem

Tuko mezani sasa hivi. Nimemwambia Meklit: kuanzia leo kila mtu na mkono wake. Mama mkwe kakaa mbele yangu, mikono ndani ya shuka lake. Nimeshika daftari ili vidole vyangu vipate kazi. Injera imeanza kukauka kingoni. Mtoto amefungua mdomo. Amefunga. Amefungua tena — na leo hajala kitu tangu asubuhi!

"Mama, kwani nimekosa nini?"

Mama mkwe hamtazami mtoto. Ananitazama mimi.

"Mjibu mwanao," anasema.