Kwa Minza, Aliyezima Simu Kusikiliza Galaksi

Mwanangu Minza,

Nimekupigia tena asubuhi hii kabla sijafunua cherehani. Yule dada wa kwenye simu akaniambia hupatikani, na anavyolisema kwa sauti tamu utadhani ananikaribisha chai. Sababu naijua. Ulinieleza vizuri kabla hujaingia huko jangwani Afrika Kusini: penye hayo madishi makubwa simu ni marufuku mpaka zamu iishe, kwa kuwa kelele ya simu moja tu inafunika sauti hafifu inayotoka kwenye galaksi yenu. Nimeelewa. Lakini naogopa, mwanangu, na hofu yenyewe sijui niiweke wapi.

Unakumbuka ulivyotuonyesha? Ulikuja likizo msimu wa kuchuma pamba, tukaenda Dutwa kwa bibi yako, na baada ya ugali ukatutoa uani na darubini yako ya kuning'iniza shingoni. Bibi akakataa katakata kuishika. Alisema macho yake yamebaki kidogo, hawezi kuyamalizia angani. Nikashika mimi. Ukanigeuza bega kusini, ukaniambia nitafute juu ya Msalaba wa Kusini, nikahangaika weee, mwisho nikaliona: doa hafifu, kama tone la maziwa kwenye kitambaa cheusi.

Ukasema lile doa ndiyo galaksi yenu, nyota zisizohesabika, na kwa mambo ya angani ni jirani yetu. Katikati yake kuna shimo jeusi, zito ajabu, linalomeza kila kinacholisogelea. Ila si vyote vinavyomezwa. Vingine vinarushwa nje pande mbili, mikondo mirefu kuliko galaksi yenyewe, ambayo macho hayaioni lakini madishi yanaisikia. Na ule mkanda wa vumbi unaoikata katikati, ukasema, ni mabaki ya galaksi nyingine iliyoliwa zamani.

"Sasa kitu kinachokula hivyo, ninyi mnakifuata cha nini?" nikakuuliza.

"Tunataka kujua kinavyokula, mama. Na kwa nini kinatema."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. "Huyu mtoto hata ng'ombe akicheua atamwuliza sababu!"

Nami nikauliza, hilo shimo linafanya nini sasa hivi, wakati sisi tumesimama hapa. Ukafuta vioo kwa pindo la khanga yangu, ukajibu bila wasiwasi wowote: "Sasa hivi hatujui, mama. Mwanga huu uliondoka kule mamilioni ya miaka iliyopita. Hata kama limetulia leo, sisi hatutajua." Wenzangu mkaingia ndani mkalala. Mimi jibu lile lilinikaa kifuani.

Ni kwa sababu ya baba yako. Ulikuwa mdogo, labda hukumbuki. Alipokwenda kuchimba dhahabu, alimpa mtu sukari atuletee, na salamu kwamba yuko salama na atarudi kabla ya mvua. Tulipika chai. Wewe ukamwagiwa sukari kidogo kiganjani, ukalamba, tukacheka wote. Siku ile tunacheka, duara, lile shimo walilokuwa wanachimba, lilikuwa limeshawafukia. Yule mtu hakutudanganya. Alipoagana na baba yako kweli alikuwa mzima.

Ndiyo maana ule ujumbe wa sauti ulioniachia kabla ya kuzima simu unanipa shida. "Mama niko salama, nakula vizuri, acha presha." Nausikiliza nikishona, nausikiliza nikisubiri wateja, natulia kidogo. Ukiisha tu, hofu inaanza tena.

Jana mambo yakazidi. Bibi alikupigia akakukosa, akanigeukia mimi. Nikamweleza kwa Kisukuma kwamba umekwenda wanakochunguza shimo linalomeza kila kitu, na kwamba simu huko hazipigwi. Najua sasa kwamba sikueleza vizuri. Naye akawapigia watu wengine, na kabla ya mchana kina mama wa hapa Somanda wakaanza kuingia na unga na kuni vichwani. Wakavua viatu mlangoni, wakakaa chini sakafuni, kimya. Unajua watu hukaa hivyo kwenye nyumba gani.

"Mnamlilia nani?" niliwapigia kelele. "Mtoto yuko kazini!"

"Basi tushukuru Mungu, mayu, mama Minza," mmoja akasema taratibu. "Ulimsikia lini mara ya mwisho?"

Nikatia mkono mfukoni, nikaishika simu. Sauti yako ilikuwa humo, lakini ilikuwa sauti ya siku uliyozima simu. Wao wakaiona sura yangu, na mmoja akaanza kulia. Waliondoka baadaye, baada ya mimi kueleza na kueleza tena, wakacheka kidogo wakaniomba radhi. Unga hakuna aliyetaka kuubeba tena. Uko jikoni. Kuupika siwezi, kuutupa pia naogopa.

Sikwambii uache kazi, Minza. Nilikuona uso ulivyokuwa siku ile ukielekeza kidole juu, na sitaki kuwa mama aliyeuzima uso ule. Endelea kulisikiliza hilo shimo lako. Hofu ni yangu, niachie, nimeizoea kuliko wewe.

Ila zamu ikiisha, kabla hujala, kabla hujaoga, usinitumie ujumbe. Usiniandikie kwamba uko salama. Nipigie. Anza kunihadithia chochote, hata habari za chakula cha huko, ili nikukatize katikati, nawe ukasirike kama kawaida yako, useme, "Mama, ngoja kwanza nimalize!"

Mama yako