Nusu ya Wembe

Mpwa wangu,

Kosa la wengi ni kudhani kwamba kisu kikali ndicho kisu kizuri. Wembe wa kubadilisha huchuna swala vizuri, sikatai, na ukiisha makali unachomeka mwingine. Lakini ukiupindisha kwenye kiungo unakatika. Kisu cha kipande kimoja hakikatiki. Kinataka kunolewa tu, kazi ambayo ninyi mabwana wakubwa mnatuachia wazee. “Mjomba, hilo panga lako lipeleke makumbusho,” uliniambia, wenzako wakacheka.

Hapa hatujambo, ila paa la jiko linavuja.

Asubuhi umenirudishia mkoba wangu wa kuwindia, kimya kimya. Ndani nimekuta kisu chako cha fahari kimebaki na nusu ya wembe. Nusu nyingine iko wapi, fundi? Paja ulilokuwa ukilikata jana umempelekea mama yako, dada yangu, ambaye macho yake hayaoni hata mfupa. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hiki chako kitamkuta mwingine.

Aliyekuletea barua hii ana pikipiki. Panda sasa hivi, ukalitoe lile paja jikoni kwa mama yako.

Mjomba wako