Tumbili wa Nchi ya Baridi

Nyakoe, 16 Novemba 2025

Kwa binti yangu Mokeira,

Hujambo huko Kanada? Sisi wazima, ila mvua ya mawe imelaza ndizi za mama yako, naye amenikasirikia kana kwamba ni mimi niliyeinyesha. Kanisani wakiniuliza unasomea nini nasema wanyama, basi. Nikitaja tumbili, mzee Manasseh atanifungulia Mwanzo sura ya kwanza. Lakini tumbili ni wa joto. Kwenye theluji hiyo unawatafutia nini?

Tata

3 Desemba 2025

Kwa Tata,

Salamu kwako na kwa Mama. Mimi niko salama. Hata sisi tulifundishwa kwamba jamii ya tumbili ilianzia kwenye misitu ya joto. Siku hizi kuna watafiti wanaosema la, wale wa kwanza kabisa waliishi kwenye baridi kali, wakafikia misitu ya joto baada ya mamilioni ya miaka. Walivukaje baridi? Huenda wengine walinenepa, wakajificha, wakalala mpaka jua lirudi. Hakuna aliyewagongea mlango. Nawaonea wivu, Tata.

Binti yako

18 Januari 2026

Mokeira mwanangu,

U hali gani? Safari hii nataka jibu. Ujumbe wangu wa Krismasi hukuujibu, wala wa mwaka mpya. Mama yako alicheka sana habari za tumbili wanaolala. Mimi sikucheka. Nimefundisha watoto maisha yangu yote, na anayewaonea wivu waliolala hana raha akiwa macho. Unakula? Unatoka kitandani? Naogopa, mwanangu. Bathsheba wa shangazi yako yuko mji wa jirani. Nimemwomba aje kwako Sabato hii. Mfungulie. Hata ukiacha masomo leo, hapa ni kwenu, wala sitakuuliza cheti.

Tata

29 Januari 2026

Tata,

Salamu nyingi. Leo sisemi niko salama, nasema nina nafuu. Bathsheba aligonga mpaka majirani wakatoka. Alikuja na unga wa wimbi na chinsaga iliyokaushwa, nikaila mboga ile chungu huku nalia. Daktari ameniona, dawa nimeanza, chuo kimeniruhusu kupumzika, na nimehamia kwa Bathsheba. Niliona aibu kukuambia, baada ya harambee yote ile ya kunichangia karo. Kweli uliogopa?

Binti yako

1 Februari 2026

Mwanangu,

Mungu ashukuriwe! Mama yako anaimba jikoni tangu asubuhi. Unauliza kama niliogopa? Nilikwenda kuomba pasipoti, mimi ambaye hata Nairobi huwa naikwepa. Karani akaniuliza naenda Kanada kufanya kazi gani. Nikamwambia nina mtoto huko, kazi yangu ni hiyo. Sasa tulia, upone. Pasipoti ikitoka nakuja tu.

Tata