Weupe wa Picha za Mama

Studio ya Picha,
Chumba cha nyuma.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Salamu tele zikufikie hapo ulipo, wewe na binamu yetu seremala unayeishi naye. Kifua kimepona? Au bado unajifunga taulo shingoni ukienda kazini kama bondia aliyeshindwa? Sisi huku tu wazima, ila uzima wenyewe una maelezo, kwa hiyo kaa chini usome taratibu.

Uliponitumia zile picha nne za Mama alizokupelekea mkeo, uliniuliza neno moja tu: mbona Mama amekuwa mweupe? Nikakaa wiki nzima bila kukujibu. Niwie radhi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaanza kumshuku wifi, na sikutaka kukuharibia nyumba kwa jambo ambalo sijaliona kwa macho yangu.

Picha ndiyo kazi yangu, Kaka. Nilizifungua kwenye kompyuta ya studio nikatazama histogramu, kile kimchoro chenye umbo la kilima. Weusi wote wa picha hujipanga kushoto, weupe hujipanga kulia, na rangi za katikati hukaa katikati. Picha ya Februari kilima chake kilitandaa vizuri. Ya Machi kilisogea kulia kidogo. Ya Aprili kikasogea tena. Ya Mei kilikuwa kimebanana kwenye ukuta wa kulia kama watu wanaogombea mlango, na kushoto hapakuwa na kitu kabisa. Hata ule ufa mweusi wa kabati nyuma ya kiti chake ulikuwa wa kijivu.

Jua halifanyi hivyo. Jua hung'arisha uso likakiacha kivuli kiwe kivuli. Pale ulipita mkono wa mtu. Nikajaribu kukivuta kilima kirudi katikati, nikapata kabati, nikapata kiti, lakini Mama sikumpata. Weupe ukishazidi mpaka, chini yake hakuna cha kurudisha. Paji la uso, mashavu, mikono, vyote vilikuwa karatasi tupu. Nikajiuliza, huyu anayemfuta mama yetu kidogo kidogo kila mwezi anaficha nini? Jeraha? Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema, na nguo yenyewe ni wifi.

Jumamosi ya tarehe 6 nikafunga studio mapema nikaenda nyumbani kwako bila kupiga simu.

Wifi alichukua muda kufungua. "Ungetuambia unakuja, wifi," akasema.

"Kwani kuna cha kupanga kwanza?" nikamjibu, na sikutabasamu.

Kila nilichokiona kilinizidishia shaka. Viti vyote vimesukumwa ukutani, sebule imebaki uwanja. Mlango wa jikoni umefungwa, na ufunguo unaning'inia shingoni mwa wifi. Mama amekaa ameelekea dirishani, na aliponyoosha mkono kunisalimu, mkono wa gauni ukapanda nikaona kovu jipya la moto. Nilipouliza, wifi alisema Mama hujikwaa kwenye viti, tena ameshika jiko la moto mara mbili, na kila akiulizwa anasema ameteleza tu. Niliitikia kwa kichwa, moyoni nikakataa.

Nikamuuliza ni nani anayezichezea picha.

"Mama mwenyewe," akasema. "Hakubali picha iende kwa mwanawe mpaka aitengeneze yeye. Mimi nilidhani uzeeni ametamani weupe."

Kaka, nilimwona mwongo asiye hata na haya. Nikaamua kumuumbua hapo hapo. Nikampiga Mama picha kwa simu yangu, nikahakikisha kilima kiko katikati, hakigusi ukuta wowote, kisha nikampa simu. Akaisogeza mpaka karibu iguse pua.

"Mbona umenipiga gizani?" akauliza.

Ilikuwa saa saba mchana, dirisha wazi. Kidole chake kikatafuta pa kuongezea mwanga, kikasukuma, kikasukuma tena, mpaka pua ikapotea na mdomo ukabaki kama uzi. "Haya," akasema. "Sasa naonekana."

Nikamuuliza, "Mama, nimevaa gauni la rangi gani?"

"La kukupendeza," akasema.

Wifi akaketi sakafuni pale pale alipokuwa amesimama.

Mama ametuficha sote. Tangu mwanzo wa mwaka anaona ukungu, na ukungu ukizidi naye anazidisha mwanga. Alihofu kuwa ukisikia utaacha kazi urudi. Tulimpeleka kwa daktari wa macho Jumatatu iliyofuata, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba ugonjwa huo hutibika. Jicho la kulia limefanyiwa upasuaji juzi Ijumaa. La kushoto litasubiri kwanza hili lipone.

Nilimwomba wifi msamaha. Alisema hata yeye angeshuku, kisha akaendelea kukunja nguo. Sijui kama amenisamehe au alitaka tu ninyamaze. Anajua pia kuwa wewe ndiye uliyeanza kuuliza, kwa hiyo mpigie simu, na usianze na habari za Mama.

Jana walimfungua bendeji. Nilikuwa nimezibeba zile picha nne nikidhani atacheka akijiona alivyojifanya mzuka. Alizitazama mara moja akaziweka pembeni. Akamwita wifi amsogelee, akamshika kidevu, akamgeuza uso huku na huku mbele ya dirisha.

"Mwanangu," akamwambia, "umekonda hivi tangu lini, na hakuna hata mmoja aliyeniambia?"

Kaka, mimi mwenye macho mawili mazima sikuwa nimeliona hilo.

Msalimie sana binamu seremala, na shemeji yake yule mcheshi. Mama anakusalimu, watoto wako wanakuamkia. Mwenyezi Mungu akulinde kazini na njiani, akurudishe kwetu na afya yako.

Ni mimi dada yako akupendaye daima,
Kitindamimba